Kilichohesabiwa Mara Mbili: Juu ya Kufundisha Maeneo ya Maduara Yanayoingiliana

Miongoni mwa maswali ya jiometri yanayoogopwa na wanachuo waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, lile la maduara mawili yanayoingiliana lina nafasi ya mbele. Kwa miaka ambayo nimekuwa mkufunzi wa hisabati nimeona jinsi linavyokwepwa. Wengine huliruka katika azimio la kazi. Wengine huliweka mwisho wa muhula wakitumaini kwamba muhula utakwisha kabla halijafikiwa. Na wengine, ambao ndio wengi, huandika kanuni ubaoni, huwaagiza wanafunzi wainakili, kisha husonga mbele kwa haraka kama mtu avukaye mto wenye mamba.

Katika makala haya nakusudia kueleza kwamba woga huo hauna msingi. Swali hili limejengwa juu ya wazo moja tu, na wazo hilo mtoto wa shule ya msingi huja nalo kutoka nyumbani kabla hajaijua pai wala nusu kipenyo. Wazo lenyewe ni hili: kitu kilichohesabiwa mara mbili hakina budi kutolewa mara moja. Mwalimu akilishika hilo, mengine yote ni hesabu za kawaida. Asipolishika, hakuna kanuni itakayomwokoa.

Duara la mwalimu na duara la mtoto

Nilipata kukaa nyuma ya darasa katika shule moja ya kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita, nikimtazama mwanachuo akifundisha. Andalio lake la somo lilikuwa safi na zana zake zilipangwa mezani. Akaanza kwa swali, kama tunavyowahimiza: "Duara ni nini?" Mvulana mmoja akasimama akajibu, "Ni shimo la kuchimbia dhahabu, mwalimu." Darasa zima halikucheka. Aliyecheka ni mwanachuo peke yake. Akasema, "Umekosa. Mwingine!" Kuanzia hapo mvulana yule hakunyoosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Ndugu mwanachuo, nani alikosa? Katika machimbo ya Kanda ya Ziwa shimo la mchimbaji mdogo huitwa duara, na mwenye nalo huitwa mwenye duara. Mtoto alijibu kwa Kiswahili fasaha cha mahali alipozaliwa. Mwalimu ndiye aliyeingia katika kijiji hicho bila kuuliza watu wake wanasemaje.

Baada ya kipindi nilimwita mvulana yule chini ya mwembe. Nikamwuliza: ikiwa wenye maduara mawili ya jirani wamechimba hata wakakutana huko chini, inakuwaje? Akasema, "Wanagombana." Kwa nini wagombane? Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa sababu pale katikati kila mmoja anahesabu ni pake." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo ya swali la maduara yanayoingiliana. Mwanachuo wetu alikuwa ametumia dakika arobaini kutafuta kwenye ubao kitu ambacho mwanafunzi wake alikuwa nacho mfukoni.

Hapa naomba nieleweke. Sisemi kwamba mwalimu awapeleke watoto machimboni. Shimo la dhahabu ni mahali pa hatari, na mtoto wa shule hana kazi huko. Mwalimu anapaswa kuwa wa kwanza kumwondoa. Ninachosema ni kwamba maneno na mambo ayajuayo mtoto yapokewe darasani, yanyooshwe, kisha yatumiwe. Mwalimu angaliweza kusema: "Vyema. Mdomo wa shimo hilo ukiutazama kutoka juu una umbo gani? Leo tutalipima umbo hilo." Somo lingalikuwa limeanza.

Hatua ya kwanza: hesabu ya watu

Kosa kubwa la vitabu vingi, na la sisi wakufunzi pia, ni kuanza na vipimo. Ni maoni yangu kwamba somo hili lianze na watu. Chora uwanjani miviringo miwili mikubwa inayoingiliana. Mwanafunzi ashike kamba iliyofungwa kwenye kigingi na azunguke nayo, kama wafanyavyo wazee wa Usukuma wanapotia alama msingi wa nyumba ya msonge. Mviringo wa kwanza uwe wa wachezaji mpira, wa pili uwe wa wanakwaya. Wenye kucheza na kuimba wasimame pale pa pamoja.

Tuseme wachezaji ni 24, wanakwaya ni 18, na wanaofanya yote mawili ni 7. Waulize: jumla yao ni wangapi? Wengi watasema 42. Usiwasahihishe. Waambie wajihesabu wenyewe mmoja mmoja, na watapata 35. Sasa waulize wale watu 7 wa ziada wametoka wapi. Ni hapo ambapo mtoto atasema kwa kinywa chake mwenyewe: "Wale wa katikati tumewahesabu mara mbili." Akishasema hivyo, umekwisha kumfundisha nusu ya somo.

Michoro ya namna hii ilielezwa na Mwingereza John Venn katika maandiko yake ya mwaka 1880, na ilienea katika Afrika Mashariki pamoja na hisabati mpya iliyotayarishwa katika semina za Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 1962. Lakini katika michoro ya Venn ukubwa wa duara hauna maana. Duara ni boma tu la kukusanyia vitu. Sisi tutaongeza jambo moja: sasa boma lenyewe litapimwa. Sheria ya kuhesabu itabaki ile ile.

Hatua ya pili: mbuzi wawili katika zizi la mraba

Hatua hii aghalabu husahaulika, nayo ndiyo daraja. Kuna zizi la mraba lenye upande wa meta 14. Mbuzi wawili wamefungwa ndani yake kwenye pembe mbili zinazokabiliana, kila mmoja kwa kamba ya meta 14. Eneo wanaloweza kulisha wote wawili ni kiasi gani?

Kabla ya kushika chaki, wanafunzi wachore zizi hilo kwenye madaftari kwa kipimo kidogo na watie kivuli malisho ya kila mbuzi. Wataona kwamba kila mbuzi anapata robo ya duara. Wataona pia kwamba hakuna sehemu ya zizi inayobaki bila mbuzi, kwa kuwa pembe asiyoifikia huyu inafikiwa na yule.

Sasa hesabu. Duara zima lenye nusu kipenyo cha meta 14 lina eneo la 22/7 × 14 × 14, yaani meta za mraba 616. Robo yake ni 154. Mbuzi wawili wana 154 + 154 = 308. Lakini zizi lote ni 14 × 14 = 196! Malisho yamezidi zizi. Acha darasa lishangae kwa muda. Mshangao huo ni mali. Kisha mtoto mmoja atakumbuka wale wanakwaya na kusema: kilichozidi ni kile kilichohesabiwa mara mbili. Nacho ni 308 − 196 = 112. Hilo ndilo eneo la pamoja.

Wafundishe kukagua. Mbuzi wa kwanza peke yake ana 154 − 112 = 42; wa pili vivyo hivyo; na pale pa pamoja ni 112. Basi 42 + 112 + 42 = 196. Zizi limerudi mahali pake. Angalia, ndugu mwanachuo, kwamba hatukutumia kanuni yoyote ila eneo la duara na eneo la mraba. Maswali mengi ya "tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli" ni ndugu wa swali hili.

Hatua ya tatu: vigingi viwili uwanjani

Sasa ondoa zizi. Vigingi viwili, K na L, vimesimama meta 7 kutoka kimoja hadi kingine. Kila kigingi kina mbuzi mwenye kamba ya meta 7. Mbuzi hao wawili wanakula eneo gani kwa jumla?

Kwanza wanafunzi wakadirie, maana jibu lisilokadiriwa haliwezi kushukiwa. Kila duara lina 22/7 × 7 × 7 = meta za mraba 154. Kwa hiyo jumla haiwezi kupungua 154 wala kuzidi 308. Andikeni mipaka hiyo pembeni mwa ubao na msiifute.

Ite nukta mbili ambapo maduara yanakutana M na N. Unganisha K, M, L na N kwa mistari. Kutoka K hadi M ni meta 7, kutoka L hadi M ni meta 7, na kutoka K hadi L ni meta 7. Basi KML ni pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, na kila pembe yake ni nyuzi 60. Pembetatu KNL ni pacha wake upande wa pili. Kwa hiyo pale K, kutoka M hadi N, pana nyuzi 120, ambazo ni theluthi ya mzunguko mzima. Kipande cha duara la K kilichofunguka kwa nyuzi 120, mithili ya kipande cha chapati, kina eneo la 154 ÷ 3, yaani 51.3 hivi. Pale L pana kipande kingine kama hicho. Vyote viwili ni 102.7.

Wengi wakifika hapa hudhani wamemaliza. La! Vipande hivyo viwili vya chapati vikilaliana vinafunika eneo la pamoja lote, bila kutoka nje yake. Lakini umbo la KMLN lililo katikati vimelifunika mara mbili. Ni jambo lile lile tena! Mtoto aliyekariri kanuni hataliona. Mtoto aliyesimama uwanjani na wanakwaya ataliona mara moja.

Umbo la KMLN ni pembetatu mbili. Kimo cha kila moja hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras: 7 × 7 kutoa 3.5 × 3.5 ni 36.75, na kipeuo chake cha pili ni 6.06 hivi. Eneo la pembetatu moja ni nusu ya 7 × 6.06, yaani 21.2, za pili zikijumlishwa ni 42.4. Basi eneo la pamoja ni 102.7 − 42.4, takriban meta za mraba 60. Na malisho ya mbuzi wote wawili ni 308 − 60 = 248. Tazama pembeni mwa ubao: jibu limo ndani ya mipaka.

Wako watakaotoa 60 mara mbili na kupata 188. Usiandike mkasi mwekundu tu. Waulize: hizo 188 ni za nini? Ni eneo ambalo mbuzi mmoja tu hufika, bila mwenzake. Ni jibu sahihi la swali ambalo hatukuuliza. Mwanafunzi aelewe hivyo, naye hatarudia, kwa kuwa amejua tofauti badala ya kuogopa kosa.

Kwa kukagua, kata kwenye boksi gumu maduara mawili na vipande vitano vyenye umbo la eneo la pamoja, vyote kwa kipimo kimoja. Tengeneza mizani ya mti na uzi. Weka maduara upande mmoja na vile vitano upande wa pili. Mti utakaribia sana kulala sawa, kwa sababu eneo la pamoja katika hali hii ni karibu mbili ya tano ya duara moja. Watoto wa Geita na Kahama wanajua thamani ya mizani. Hawatausahau ushahidi huo.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya mbuzi na mabua, je, yana faida gani nje ya mtihani? Nitajibu kwa habari ya maji, ambayo mkoani Shinyanga si habari ndogo.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji katika umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Kila kisima, basi, ni kigingi chenye kamba ya meta 400. Duara lake lina eneo la hekta 50 na kidogo. Kijiji chenye visima viwili kinaweza kuandika kwenye taarifa kwamba kinahudumia hekta 100. Lakini ikiwa visima hivyo vimechimbwa meta 400 kimoja hadi kingine, ni swali lile lile la vigingi K na L, ila kamba imekuwa ndefu. Eneo la pamoja ni karibu mbili ya tano ya duara moja, yaani karibu hekta 20. Eneo linalohudumiwa kwa kweli ni hekta 80 na ushei tu.

Hekta 20 za uongo zimeingia katika taarifa bila mtu yeyote kusema uongo. Na mahali fulani nje ya maduara hayo mawili kuna mama anayeamka alfajiri na ndoo kichwani, ambaye kwa karatasi amekwisha kupata maji. Jirani yake aliye katikati ya visima amehesabiwa mara mbili, na yeye hakuhesabiwa hata mara moja.

Sisemi kwamba visima visiingiliane kabisa. Maduara yanayogusana tu huacha vipembe kati yao visivyofikiwa na yeyote, na wanafunzi waone hivyo kwa kuyachora. Ninachosema ni kwamba kijiji kijue kiasi kinachoingiliana kabla hakijachagua mahali pa kuchimba. Watoto tunaowafundisha leo ndio watakaokaa katika serikali za vijiji kesho. Pasipo na mmoja wao anayeweza kusimama katika mkutano na kusema, "Ndugu mwenyekiti, hapa katikati tumepahesabu mara mbili," tutakuwa tumewafundisha hisabati bure.

Pingamizi mbili

Wako walimu wenzangu wanaosema kwamba swali hili lina kina kuliko mtoto wa shule ya msingi, na kwamba lingeachwa kwa wenzetu wa sekondari. Nakubali kwamba hatua ya tatu, yenye Pythagoras na vipeuo, ni ya madarasa ya juu na ya wanafunzi waliokwisha kuiva. Lakini hatua ya kwanza yafaa hata kwa wadogo, na ya pili ni ya mtoto yeyote ajuaye eneo la duara. Kuzinyima darasa hatua mbili za kwanza kwa sababu ya ugumu wa ile ya tatu ni sawa na kumnyima mtoto uji kwa sababu hawezi kutafuna nyama.

Wengine husema kwamba madarasa yamejaa na zana hazipo. Pingamizi hii naiheshimu zaidi, maana najua hali ilivyo. Hata hivyo, zana za somo hili ni kamba, vijiti, uwanja na miguu ya watoto. Darasa la wanafunzi 90 haliwezi kugawiwa bikari 90, lakini linaweza kutoka nje katika makundi tisa, kila kundi na kamba yake. Wingi wa watoto, ambao katika masomo mengine ni mzigo, katika hatua ya kwanza ni neema: watu wa kusimama katika miviringo wapo tele.

Neno la mwisho

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi, huenda ukapelekwa Kishapu, ambako almasi za Mwadui zimechimbwa tangu Williamson alipozigundua mwaka 1940. Huenda ukapelekwa Bukombe, Mbogwe au Nyang'hwale. Popote uendapo, kabla hujaandika neno "duara" katika andalio lako la somo, uliza kwanza hapo kijijini duara ni nini. Ukijibiwa kwamba ni shimo la dhahabu, usicheke. Andika jibu hilo ubaoni kwa herufi kubwa, chora la pili kando yake, kisha uliza: "Na pale katikati, ni pa nani?"

Nyamaza, usikilize. Hapo ndipo kipindi kinapoanza.